Kabla ya kumpaka mtoto tyubu ya dukani

Mama mmoja wa hapa Mhunze ametuma picha tatu za shavu la mtoto wake wa miaka mitano. Ya kwanza inaonyesha duara dogo lenye ukingo ulioinuka na magamba. Ya pili imepigwa siku nne baada ya kupaka dawa ya tyubu aliyouziwa dukani, na kweli duara limelala, mtoto hajikuni tena. Ya tatu ni ya wiki sita baadaye. Duara limefika karibu na sikio, ukingo wake haueleweki, na katikati kumejaa vipele vidogo. Anasema kila akiipaka dawa hali inatulia, akiiacha inarudi kubwa zaidi. Anauliza kama anunue tyubu ya tatu au ahamie ya aina nyingine.

Asinunue. Na hiyo iliyobaki asiipake tena, wala asimpe jirani.

Ugonjwa wa ngozi hauthibitishwi kwa picha ya simu, na huyo mtoto inabidi aonwe zahanati. Lakini hadithi ya tyubu inayoponya kwa siku nne na kuharibu kwa wiki sita ni ya nyumba nyingi sana, kuanzia huku Kishapu mpaka Geita. Ili ujue kwa nini inatokea, inabidi kwanza ujue ngozi ilivyojengwa, kwa sababu kila ugonjwa wa ngozi una mahali pake unapokaa, na dawa isiyofika hapo ni pesa iliyotupwa.

Ngozi ya mtu mzima ukiitandaza inakaribia mita 2 za mraba. Hakuna kiungo kikubwa kuliko hicho. Ina matabaka matatu. La kwanza ni ngozi ya juu, nyembamba kama karatasi sehemu nyingi za mwili, nyembamba zaidi kwenye kope za macho, na nene kabisa kwenye nyayo na viganja. Tabaka hili halina mshipa wa damu hata mmoja. Ndiyo maana ukisugua kisigino kwa jiwe hutoki damu, ila ukizidisha ukaingia tabaka la pili, utaiona.

Chini kabisa ya ngozi ya juu kuna seli zinazozaliana usiku na mchana. Zikizaliwa zinasukumwa kwenda juu, zinakauka, zinakufa, na zikifika nje zinadondoka zenyewe. Safari hiyo huchukua kama wiki 4. Zile nongo unazozitoa ukijisugua wakati wa kuoga si uchafu peke yake, sehemu yake kubwa ni ngozi iliyokwisha kufa. Hilo la wiki 4 likae kichwani, tutalihitaji.

Tabaka la pili, tuliite ngozi ya kati, ndilo lenye mambo. Humo kuna mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, vifuko vya jasho, vifuko vya mafuta na mashina ya nywele. Humo pia ndimo wanamojaa walinzi wa mwili, zile seli zinazoleta wekundu, uvimbe, joto na muwasho pale mdudu au kemikali inapoingia. Tabaka la tatu ni mafuta, godoro linalozuia baridi na kupokea vishindo.

Sasa turudi kwenye tyubu. Tyubu nyingi zinazouzwa haraka kwenye maduka ya dawa muhimu ni mchanganyiko wa dawa tatu: moja ya kuua fangasi, moja ya kuua bakteria, na ya tatu ni steroidi. Muuzaji anazipenda kwa sababu zinaonekana kutibu kila kitu, na mteja anazipenda kwa sababu muwasho unaisha usiku uleule. Kinachomaliza muwasho usiku uleule ni steroidi. Yenyewe haiui kitu. Kazi yake ni kuwanyamazisha walinzi wa mwili.

Fangasi wa ngozi, ugonjwa ambao wengine huita choa, wanakaa kwenye ile ngozi iliyokufa juu kabisa. Chakula chao ni protini inayotengeneza ngozi hiyo, kucha na nywele. Wanakula kuelekea nje, ndiyo maana inatokea duara. Ukingo ulioinuka ni mstari wa vita kati yao na walinzi. Ukipaka steroidi, walinzi wanaondoka, ukingo unalala, muwasho unakoma, nawe unaona mtoto amepona. Kumbe fangasi wameachiwa shamba bila mlinzi. Dawa ya fangasi iliyomo humohumo ndani ya mchanganyiko mara nyingi haitoshi kuwashinda, hasa ukipaka kwa siku nne kisha ukaacha kwa sababu mtoto "amepona".

Hivyo basi, kwa fangasi wa mwilini (si wa kichwani, hao nitawafikia) kinachotakiwa ni dawa ya fangasi peke yake. Iliyozoeleka kwenye maduka yetu ni ile iliyoandikwa 'clotrimazole', na ni ya bei nafuu kuliko mchanganyiko. Hupakwa mara mbili kwa siku, ikivuka ukingo wa duara kidogo kwa nje, kwa wiki 2 hadi 4, na huendelea kupakwa kwa wiki moja au mbili baada ya duara kupotea. Kumbuka ile safari ya wiki 4. Unasubiri ngozi yenye fangasi idondoke na ngozi safi ichukue nafasi yake. Hakuna krimu inayoharakisha hesabu hiyo.

Mtoto aliyezoeshwa steroidi akiachishwa, siku za kwanza ngozi yake inaweza kuwaka zaidi, ikajaa vipele na muwasho. Hapo ndipo wazazi wengi wanarudi kwenye tyubu ya zamani. Usirudi. Na kama alipakwa kwa wiki nyingi, hasa usoni au sehemu kubwa ya mwili, mhudumu wa afya ndiye aelekeze namna ya kuacha.

Namna ya kuitambua steroidi ni kusoma maandishi madogo pembeni ya tyubu. Jina lake aghalabu huishia na '-sone' au '-sol', kama 'betamethasone', 'dexamethasone' na 'clobetasol'. Hii ya mwisho ni kali kupita zote unazoweza kukutana nazo dukani. 'Hydrocortisone' ni pole zaidi. Ukiona moja ya majina hayo, muulize muuzaji kwa nini mtoto wako anaihitaji. Ana haki ya kukueleza na wewe una haki ya kutoelewa mpaka aeleze tena.

Kwa watoto tahadhari hii ni kubwa zaidi kuliko kwetu. Ngozi yao ni nyembamba, na ukilinganisha ukubwa wa ngozi na uzito wa mwili, wao wana ngozi nyingi kuliko sisi. Dawa ileile inapita kwa wingi zaidi na kuingia kwenye damu. Chini ya nepi ni hatari mara dufu, maana nepi inaibana dawa na kuisukuma ndani. Ikitumika muda mrefu, steroidi inakonda ngozi ya kati mpaka mishipa ya damu inaonekana kwa nje na ngozi inapasuka mistari. Mistari hiyo haifutiki.

Sasa mapunye. Haya nayapa nafasi kwa sababu hakuna ugonjwa wa watoto wa shule ninaoona unapakwa vitu vingi bila faida kama huu. Limao, mafuta ya taa, dawa ya ng'ombe, tyubu za kila rangi. Mapunye ni fangasi walewale, lakini wameingia ndani ya shina la unywele. Shina la unywele lipo kwenye ngozi ya kati, mbali na pale krimu inapofika. Unaweza kupaka kutwa mara tatu kwa mwaka mzima, fangasi wakawa wanakusikia tu huko juu.

Mapunye hutibiwa kwa dawa ya kumeza, na ya siku nyingi ni 'griseofulvin', kwa wiki 6 hadi 8 kwa kipimo kinachofuata uzito wa mtoto. Inafyonzwa vizuri ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Kwa wafugaji hilo si tatizo, maziwa yapo. Tatizo ni wiki ya tatu, pale kichwa kinapoonekana safi na mzazi anaacha. Mashine ya kunyolea ya kinyozi inaweza kuwahamisha fangasi toka kichwa hiki kwenda kile, vivyo hivyo kitana na kofia. Mwambie kinyozi asafishe mashine kwa spiriti kabla ya kumgusa mwanao. Akinuna, nyoa nyumbani.

Kuna aina nyingine tunayoipata sisi tunaoishi na mifugo. Angalia ndama: ukiona mabaka mazito ya kijivu yenye magamba kuzunguka macho au shingoni, hao ni fangasi, na wanahama kwenda kwa mtoto anayemfunga, anayemkumbatia au anayelala karibu naye. Kwa kuwa hao ni fangasi wa mnyama, mwili wa mtoto unawashambulia kwa hasira. Kichwa kinavimba donge laini, linatoa usaha, nywele zinang'oka zenyewe. Linafanana sana na jipu, na watu hulipasua. Lisipasuliwe. Likipasuliwa halitoi usaha wa maana, linaacha kovu ambalo nywele hazioti tena. Tiba yake ni vidonge vya fangasi, na mtoto apelekwe mapema kabla mashina ya nywele hayajafa.

Je, steroidi haina kazi? Inayo, na kubwa. Kuna watoto ambao ngozi yao ya juu imeumbwa na nyufa. Haishiki maji ndani wala haizuii vumbi na sabuni kuingia. Huo ndio ugonjwa unaoitwa pumu ya ngozi, na mara nyingi utamkuta mtoto mwenye nao ana ndugu mwenye pumu ya kifua au mafua ya mzio. Kwa mtoto mchanga huanzia mashavuni, akikua huhamia kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Yeye walinzi wake ndio wenye makosa, wanapiga kelele hata pasipo na mwizi. Hapo steroidi pole, kwa siku chache, kwa maelekezo ya mhudumu, ni dawa halali kabisa.

Lakini kinachomponya mwenye pumu ya ngozi siku baada ya siku ni mafuta, si tyubu. Huku kwetu mvua zikishakwisha mwezi wa tano, upepo unakausha mbuga mpaka udongo unapasuka mguu uzame, na ngozi ya mtoto huyu inapasuka hivyohivyo. Mwogeshe kwa muda mfupi, maji yasiwe ya moto, na sabuni za mche za kufulia zisimguse, maana zinaondoa mafuta machache aliyonayo. Mfute kwa kugusagusa tu, kisha kabla ngozi haijakauka, ndani ya dakika tatu, mpake mafuta ya mgando ya kawaida yasiyo na manukato. Mara mbili au tatu kwa siku. Mafuta yanafungia maji ndani. Ukipaka kwenye ngozi iliyokwisha kukauka umefungia ukavu.

Hapohapo niseme kuhusu yale mabaka meupe-meupe yasiyo na mpaka kamili kwenye mashavu ya watoto, ambayo bibi zetu wanasema ni minyoo. Si minyoo. Ni mdogo wake pumu ya ngozi, na huonekana zaidi baada ya kiangazi kwa sababu ngozi inayoyazunguka imeungua jua ikawa nyeusi zaidi. Mafuta ya mgando na subira ya miezi kadhaa vinatosha. Dawa ya minyoo mpe kwa ratiba yake, si kwa ajili ya mashavu.

Upele ni habari nyingine. Anayeuleta ni mdudu wa ukoo mmoja na kupe na utitiri, mdogo kiasi kwamba macho hayamwoni. Jike anachimba mfereji ndani ya ile ngozi ya juu, hapohapo juu, na kutaga mayai. Mtu mwenye upele wa kawaida ana wadudu kama 10 hadi 15 tu mwili mzima. Muwasho wote ule unaomkesha ni mzio wa mwili dhidi ya wadudu hao na kinyesi chao. Kwa mtu anayeupata mara ya kwanza, mzio huo unachukua wiki 4 hadi 6 kuanza.

Fikiria maana yake. Siku mtoto wa kwanza anapoanza kujikuna, wenzake wanaolala naye kitanda kimoja wameshaupata na hawajui. Ukimtibu yeye peke yake, baada ya mwezi atauchukua tena kwa mdogo wake, utasema dawa ni feki. Upele hutibiwa nyumba nzima, siku moja, wanaojikuna na wasiojikuna, baba naye. Baba ndiye anayesumbua, husema hana muda wa kupakwa. Na kama anafanya kazi machimboni Nyarugusu au Mwakitolyo na kulala kambini godoro moja watu watatu, yeye ndiye wa kupakwa kwanza.

Dawa iliyozoeleka kwenye vituo vyetu ni losheni ya BBE. Hupakwa kuanzia shingoni hadi unyayoni, katikati ya vidole, chini ya kucha, kwenye kitovu, sehemu za siri. Kwa watoto wadogo kichwani pia, ila wasipakwe kabla mhudumu hajaeleza jinsi ya kuichanganya na maji, kwa sababu inachoma. Siku hiyohiyo nguo na mashuka vifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Palipo na shida ya maji, na Kishapu tunaijua shida hiyo, funga nguo kwenye mfuko wa plastiki kwa siku tatu hadi wiki moja. Mdudu akikaa mbali na ngozi ya mtu hufa ndani ya siku chache. Baada ya tiba, muwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 kwa sababu mabaki ya wadudu bado yamo ndani ya ngozi mpaka idondoke. Usipake dawa tena na tena kwa hasira.

Ukiona aibu kwenda zahanati kwa ajili ya upele, jua kwamba unaambukizwa kwa ngozi kugusana ngozi. Wenye kuoga mara tatu wanaupata. Usipotibiwa, mtoto anajikuna, kucha zinafungua mlango, na bakteria wanaingia. Vidonda vinatoa maji ya njano na kuganda kama asali. Baadhi ya bakteria hao wanaweza kuamsha mzio unaoharibu figo wiki chache baadaye. Mtoto akiamka uso umevimba kuzunguka macho, mkojo umekuwa mchache na una rangi ya chai ya rangi, hiyo ni safari ya hospitali ya siku hiyohiyo, hata kama vidonda vimeshakauka.

Nimeshika tyubu tena kwa sababu ina matumizi mengine ambayo mama wenyewe hawapendi kuyataja. 'Clobetasol' ni moja ya vitu vinavyotiwa kwenye mkorogo. Wapo wanaompaka mtoto mchanga ili asiikimbie rangi aliyozaliwa nayo.

Rangi inatengenezwa chini kabisa ya ngozi ya juu, na seli maalumu zinazotoa unga mweusi uitwao melanini. Watu wote, Msukuma na Mzungu, wana seli hizo kwa idadi inayokaribiana. Tofauti ni kiasi na aina ya melanini zinazotoa. Seli zinaigawa melanini kwa jirani zao, na jirani wanaitandaza juu ya kiini chao kama mwavuli, jua lisiharibu mbegu ya urithi iliyomo ndani. Mtoto mchanga wa Kiafrika huzaliwa mweupe kiasi kwa sababu kazi hiyo ndiyo kwanza inaanza, na inachukua wiki hadi miezi. Hajaharibika rangi, anajengewa mwavuli.

Mkorogo unaubomoa. Steroidi inaukonda, haidrokwinoni inazizuia seli zisitengeneze melanini na kwa wengine inaishia kuacha madoa ya rangi ya bluu-nyeusi mashavuni yasiyotoka, na zebaki inafanya vivyo hivyo huku ikipenya hadi kwenye figo na ubongo. Huku kwetu zebaki haihitaji kutambulishwa. Ni ileile wachimbaji wadogo wanayokamatia dhahabu. Baba anaonywa asichome zebaki karibu na nyumba, wakati mama ameileta bafuni ikiwa sabuni. Maandishi ya kipodozi yakikuonya kisiguse pete ya dhahabu au fedha, hiyo ni dalili kwamba kina zebaki, na sababu kila mchimbaji anaijua: zebaki hung'ang'ania dhahabu. Mkataba wa kimataifa wa Minamata, ulioanza kutumika 2017 na wenye jina la mji wa Japani uliosumishwa kwa zebaki, umepiga marufuku vipodozi vya namna hiyo. Tanzania nayo imeviondoa kwenye orodha ya halali, na tangu 2019 anayesimamia vipodozi ni TBS. Bado vinauzwa, vingine bila hata maandishi.

Na kuna watoto waliozaliwa bila mwavuli. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu 1 mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi, kiwango cha juu kuliko nchi nyingi duniani. Seli zao za rangi zipo, ila hazitengenezi melanini ya kutosha. Urithi huo hutoka kwa baba na mama wote wawili, hata kama wao ni weusi tii, na kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne. Mwanamume anayemfukuza mke kwa kuzaa mtoto huyo anamfukuza kwa jambo ambalo nusu yake ametoa yeye.

Shinyanga tumejulikana duniani kwa habari mbaya za watu hawa, na shule ya Buhangija Jumuishi pale mjini iliwapokea watoto waliokimbizwa makwao wasiuawe. Yale ya mapanga yanaandikwa sana. Jua halipigiwi kelele, nalo linaua. Linaanza na makovu na ukavu juu ya masikio, mdomo wa chini, pua na shingo, na wengi huingia kwenye kansa ya ngozi wakiwa bado vijana. Kidonda kwenye ngozi ya mtu mwenye ualbino kisichopona kwa mwezi mmoja kisipakwe kitu chochote nyumbani. Kikiwahi, hukatwa kwa upasuaji mdogo na habari ikaisha. Kikichelewa ndipo safari za Bugando, Mwanza, au Ocean Road zinapoanza.

Kinachofanya kazi kwanza ni nguo: kofia yenye ukingo mpana pande zote (kofia ya mpira wa miguu inaacha masikio na shingo), shati la mikono mirefu, na kumwondoa juani kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Kuchunga na kupalilia pamba mchana si kazi za kumpa. Losheni ya kuzuia jua inakuja juu ya hayo. Pale KCMC Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza 1992, hutengenezwa losheni iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, na hugawiwa bure kupitia kliniki zao. Ulizia hospitali ya wilaya au chama cha watu wenye ualbino. Isikae juani wala juu ya bati, joto linaiharibu. Mwalimu naye aambiwe mtoto huyu akae mbele, maana melanini inayokosekana kwenye ngozi imekosekana na machoni.

Baka la mwisho nililotaka kutaja ni lile lisilowasha. Wazazi hulipuuza kwa sababu hiyohiyo. Baka lililopauka au lenye wekundu, halina magamba mengi, haliwashi, limekaa miezi: chukua nyuzi chache za pamba, mwambie mtoto afumbe macho, mguse nje ya baka na ndani ya baka, aonyeshe kwa kidole kila anapohisi. Akikosa kuhisi ndani ya baka, mpeleke kituo cha afya wiki hiyo. Huenda ni ukoma. Bakteria wake wanashambulia mishipa ya fahamu ya ngozi ya kati. Tanzania ilifikia mwaka 2006 kiwango cha chini ya mgonjwa 1 kwa watu 10,000, lakini kupungua si kwisha. Dawa zake ni bure, na akianza mapema hapati ulemavu wowote.

Mama wa picha tatu, na wengine mtakaokwenda zahanati wiki hii: siku hiyo msimpake mtoto kitu, hata mafuta, mhudumu aone ngozi yenyewe. Bebeni tyubu zote mlizotumia, tupu na zenye dawa. Picha za simu mlizopiga mwanzoni zina thamani, zionyesheni. Na kama nyumbani kuna wengine wanaojikuna, waende wote kwa pamoja, hata kama foleni itawashangaa.

Maswali ya chunusi za vijana wanaobalehe yamekuwa mengi, yatajibiwa wiki ijayo.